Siku Baba Mkwe Alipoganda na Zawadi Yangu

Baba mkwe wangu aliwahi kukaa saa moja na dakika arobaini nyumbani kwangu, ameshika fimbo ya kuvulia samaki yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na hakuiachia hata mara moja.

Si kwamba aliipenda sana. Aliganda.

Aliganda kwa gundi. Mkono wa kushoto, vidole vinne na kiganja kizima. Na siku hiyo mzee alikuwa amekuja kumchukua binti yake, yaani mke wangu, arudi kwao.

Kaa vizuri nikusimulie. Mimi mwenyewe nikikumbuka nacheka kwanza, halafu naona haya.

Kazi yangu ni kukata vioo vya miwani. Nakaa nyuma ya duka kwenye kachumba kenye mashine mbili na taa moja, nasaga vioo mpaka viingie kwenye fremu. Ni kazi ya utulivu, na mtu mtulivu akikosa cha kufanya jioni huharibika haraka. Wenzangu wameangukia pombe. Mimi niliangukia fimbo za kuvulia samaki.

Nielewe vizuri. Mimi sivui. Kuogelea sijui, na samaki nikimla navimba midomo. Natengeneza fimbo tu.

Mteja mmoja aliisahau fimbo yake iliyovunjika pale dukani, hakurudi kuifuata. Nikaifumua nione imeundwaje. Basi, nikawa nimekwisha.

Unanunua ufito mtupu, ule mrefu mwembamba unaopinda bila kukatika. Unapanga pete ndogo ndogo za kupitishia mshipi, na kila pete unaifunga kwa uzi, mzunguko kando ya mzunguko, zibanane hata wembe usipite. Mpini unauunda kwa kizibo, ile malighafi nyepesi ya kuzibia chupa. Vishimo vyake unavijaza supaglu, unanyunyizia unga wa kizibo hichohicho, unasubiri ikauke, unapiga msasa mpaka mtu asijue palikuwa na shimo.

Halafu kwenye zile nyuzi za pete unapaka gundi ya maji mawili, unayoyachanganya nusu kwa nusu. Ukishapaka, fimbo lazima izunguke polepole kwa saa tatu, nne, isisimame. Ikisimama, gundi inatelemka upande mmoja na kufanya vitambi.

Sasa hapo pa kuzungusha ndipo nilipoanza kumkosea mke wangu.

Nilihitaji mota ya mwendo wa pole. Nyumbani kwetu mota ya namna hiyo ilikuwa moja tu, iko chini ya sahani ya maikrowevu. Nikaing'oa mke wangu akiwa kazini. Kuanzia siku hiyo chakula chetu kilipata moto upande mmoja. Tonge hili linakuunguza ulimi, linalofuata limetoka kwenye friji.

Mke wangu alisema.

Nikamaliza nyuzi zake za kudarizi. Akasema tena.

Fimbo zikahamia chumbani, kwa sababu sebuleni kuna vumbi na vumbi likigusa gundi mbichi kazi yote imekwenda na maji. Nikazitundika juu ya kitanda. Akalala miezi miwili chini ya fimbo sita. Alisema sana.

Dawa yake ya kuondolea rangi ya kucha nikaimaliza, chupa tatu, kwa kufutia gundi iliyomwagika. Safari hii hakusema. Alisonya tu.

Ndugu yangu, mke anayesema bado yupo na wewe. Akianza kusonya bila maneno, jitafakari. Mimi sikujitafakari. Nilifurahi kwamba nyumba imekuwa na amani.

Ikafika siku ya mahafali yake. Mke wangu alikuwa anasomea utaalamu wa maabara, miaka miwili ya mwisho wa wiki, huku siku za kazi anakaa mapokezi hospitalini. Miaka miwili ya kusoma huku anasinzia. Sherehe ilikuwa saa nane mchana. Alitangulia na baba yake asubuhi, akaniachia suti imepigwa pasi.

Nikajisemea, muda upo. Napaka fimbo moja, naiacha kwenye mota, naoga, naenda.

Nilipomaliza kupaka pete ya mwisho, umeme ukakatika.

Mtu mwenye akili timamu angeiacha ife. Mimi nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nimeshavaa suruali ya suti, nikaanza kuizungusha kwa mkono. Nikasema umeme utarudi sasa hivi. Saa saba haujarudi. Saa nane haujarudi. Simu inaita, siwezi kuipokea, mikono yote miwili ina kazi.

Saa kumi na moja mlango ukafunguliwa. Mke wangu akaingia, joho limekunjwa mkononi, baba yake nyuma yake.

Wakanikuta bado nazungusha.

Baba mkwe akaitazama fimbo, akanitazama mimi, akamwambia binti yake, "Pumzika, mwanangu." Akaondoka.

Sasa nikwambie huyu mzee ni nani. Ni mkaguzi wa vipimo na mizani, mstaafu. Miaka thelathini alipita madukani kuhakikisha kilo ya mtu ni kilo kweli. Ukoo mzima unamwita Mzee Mizani, lakini akiwa hayupo. Ukimletea chai hutazama kwanza imejaa kiasi gani, ndipo anashukuru, kwa kiasi hichohicho.

Siku ya tatu akapiga simu.

"Jumamosi nakuja. Tutakaa."

"Karibu sana, baba."

"Sikuomba kukaribishwa. Nimesema nakuja."

Mke wangu hakunificha. Aliniambia huku anakunja nguo, hanitazami. Amemweleza baba yake kila kitu, na baba akisema twende, ataenda.

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Sijui."

Niliogopa. Hapo sina utani. Nampenda yule mwanamke, ila nilikuwa nampenda kivivu, kama mtu anavyolipenda paa la nyumba yake. Hulikumbuki mpaka mvua inyeshe.

Mwenzangu mwenye busara hapo angeomba radhi. Mimi nikaanza kupiga hesabu za kijinga. Mzee huyu huvua bwawani kila Jumapili, tena kwa mwanzi aliouzungushia plasta. Na wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nikaamua kumtengenezea fimbo.

Ndiyo. Nyumba inabomoka kwa sababu ya fimbo, na mimi nikaona dawa yake ni fimbo nyingine.

Kazi ya wiki mbili nikaifanya kwa siku nne. Ufito wa kipande kimoja, usio na kiungo katikati, maana huo ndio wenye nguvu. Mpini wa mtu wa mkono wa kushoto, kwa sababu mzee anatumia kushoto. Uzi wa kijani na mstari mwembamba wa dhahabu. Sijisifu, lakini sijawahi kuunda nzuri kama ile. Alhamisi kila kitu kilikuwa kimekauka kabisa, ungeweza kuitwanga kwa nyundo.

Ijumaa jioni mke wangu akaikuta mezani.

"Ya nani hii?"

"Ya baba."

"Baba yupi?"

"Baba yako."

Akaitazama muda mrefu. "Kwa hiyo unampa baba yangu rushwa."

"Ni zawadi."

"Na mimi ulinipa zawadi gani siku nahitimu?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango, nami nikalala kwenye kochi na fimbo yangu nzuri.

Jumamosi asubuhi nikatoka kwenda kunyoa na kununua matunda, angalau mzee asinikute nimechakaa. Fimbo niliiacha juu ya meza, nimeifunga kwa magazeti. Mke wangu alibaki nayo peke yake. Niliporudi nikaona magazeti yamefungwa vizuri kuliko nilivyoyafunga mimi. Nikadhani ni macho yangu.

Saa nne kamili mzee akabisha. Nyuma yake anavuta sanduku kubwa la magurudumu.

Lilikuwa tupu. Sanduku tupu lina mlio wake sakafuni, hata kipofu angejua. Akaliegesha katikati ya sebule, likawa kama mgeni wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Lakini alikuwa anatazama maikrowevu.

Mke wangu akaleta chai. Aliileta kikombe kimoja kimoja, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefichwa ndani ya mtandio. Safari tatu kwa vikombe vitatu. Nikasema moyoni, haya makubwa, yaani leo hata sinia hataki kunibebea.

Nikaona nisichelewe. Nikachukua fimbo, nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili, nimeinama.

"Baba, hii nimekutengenezea mwenyewe."

Akafungua magazeti. Akaushika mpini kwa mkono wa kushoto, akaukamata sawasawa, akaitikisa fimbo mara tatu. Akaikunja ncha sakafuni. Akafumba jicho moja kuona kama imenyooka. Akakaza tena mkono.

"Nzito kidogo mbele," akasema.

Kwa Mzee Mizani hayo ni mashairi. Nikaanza kupata matumaini.

Hakuiweka chini. Aliisimamisha kando yake kama mkongojo, akaanza kikao.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kupima," akasema. "Sipimi maneno. Napima kilichopo. Siku ya mahafali nilikaa, na pembeni yangu kiti chako. Watu wakaniuliza kina mtu? Nikasema kina mtu, anakuja. Wakauliza tena. Nikasema yuko njiani. Mara ya tatu nikawaacha waweke mabegi yao. Umenifanya niseme uongo mara mbili hadharani. Mimi."

Nikainamisha kichwa. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na pazia, anatazama nje.

"Alipoitwa jina," mzee akaendelea, "alitazama upande wetu kabla ya kupanda jukwaani. Nikampungia mkono. Akatabasamu kwa ajili yangu. Mimi nilimlea yule, najua tabasamu lake na najua la kunifurahisha mimi. Kwa hiyo uamuzi wangu..."

Hapo akataka kuiegesha fimbo ukutani, apate kuninyooshea kidole. Mzee hatoi uamuzi bila kidole.

Mkono ukaenda ukutani. Fimbo ikaenda ukutani. Mkono ukarudi, na fimbo ikarudi nao.

Akajaribu tena. Ncha ikagonga taa ya dari.

"Wewe," akaniita.

"Naam, baba."

"Kitu hiki hakitoki."

Nilidhani ni fumbo la wazee. Nikasema, "Ni chako, baba."

"Nasema hakitoki mkononi, bwege wewe."

Nikasogea. Nikajaribu kumfungua kidole kimoja, akaguna kwa maumivu. Gundi? Gundi kutoka wapi, na fimbo ilikauka Alhamisi?

"Umenitega," akasema polepole. "Umenitega nisitoe uamuzi."

"Haki ya Mungu, baba, sijakutega."

Tukajaribu maji ya moto na sabuni. Tukajaribu mafuta ya kupikia. Mafuta yakamwagikia suruali yake ya heshima, gundi haikujali. Nikamgeukia mke wangu.

"Ile dawa ya kucha ipo?"

"Uliimaliza," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, siyo ile ya ugomvi, lakini mimi nilikuwa na mambo mengi ya kusikiliza.

Nikampigia jirani yetu mwenye saluni, mtaa mzima tunamwita Mama Kucha. Nikamweleza. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Akasema anakuja, lakini ana mteja mwenye dawa kichwani, akimwacha sasa hivi mteja anabaki kipara. Tusubiri kama saa moja.

Tukasubiri. Mzee kwenye kochi na fimbo. Mimi kwenye kigoda. Sanduku katikati. Mke wangu kwenye pazia. Kila mzee akivuta pumzi, pete ya juu inakwaruza dari.

Dakika ya thelathini hivi, mzee akakohoa.

"Chai yenu ilikuwa nyingi," akasema. "Nataka msalani."

Msomaji wangu, choo chetu ni chembamba, ukikaa magoti yanagusa mlango. Fimbo ni zaidi ya mita mbili. Haiingii imelala, haiingii imesimama. Na mimi ndiye niliyejitapa ufito wa kipande kimoja.

Mwisho tukakubaliana. Yeye aingie, fimbo itokezee nje kwenye uwazi wa mlango, mimi niishike ncha huku nimegeukia ukuta.

"Umegeuka?"

"Nimegeuka, baba."

"Fumba na macho."

"Nimefumba."

"Hesabu kwa sauti. Sitaki kusikia unanisikia."

Nikahesabu. Mwanamume mzima, nina ndevu, nimeshika ncha ya fimbo ya mkwe wangu nje ya choo, nahesabu moja, mbili, tatu. Nilipofika arobaini na moja akasema inatosha. Lakini hakutoka.

"Alinipigia mwenyewe," akasema kutoka ndani. "Sikumshawishi. Akaniambia, baba, njoo na sanduku kubwa, dogo halitatosha."

Ile iliniingia vibaya. Nilikuwa nimejidanganya kwamba mzee ndiye anayevunja nyumba yangu.

"Baba," nikasema, "sijawahi kumwambia pole. Toka siku ile. Nilimweleza habari za umeme. Nilimweleza habari za gundi. Pole sikusema. Nilikosea sana, baba. Naomba unisamehe."

Ncha ya fimbo ikatulia.

"Mimi unaniomba msamaha kwa nini?" akauliza. "Kwani mimi ndiye niliyehitimu?"

Nikabadilisha mkono kwenye ncha ya fimbo.

"Nilikuja nikijua nitakuta jeuri," akasema. "Jeuri naijua dawa yake, unambeba binti yako unaondoka. Sasa nakuta mjinga. Mjinga sijui hata nimfanye nini."

Fimbo ikatikisika, maji yakamwagika, akatoka.

Mama Kucha alifika na kichupa na pamba. Alipomwona mzee, alikaa juu ya lile sanduku akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Shemeji, wenzako huvua samaki," akaniambia. "Wewe umevua mkwe."

"Fanya kazi yako, mama," mzee akasema, lakini mdomo ulimcheza.

Akaanza. Tone, pamba, kijiti. Kidole cha kwanza kikaachia. Cha pili. Kiganja kilichelewa, kikatoka na kipande cha ngozi, na ngozi ile imebaki kwenye mpini mpaka leo. Mzee akakunja na kukunjua mkono wake mwekundu kama anamsalimia mtu aliyepotea.

"Hii gundi imewekwa leo," Mama Kucha akasema, ameushika mpini. "Juu imekauka, ndani ilikuwa maji. Ukikaza mkono inatoka. Kwa nini umpake mzee wa watu supaglu mbichi?"

"Sikupaka. Mpini ule sijaupaka kitu tangu Alhamisi."

Nikaichukua fimbo, nikaisogeza dirishani. Na kweli. Kwenye mpini kulikuwa na ufa mrefu kama kidole, ambao Alhamisi haukuwepo. Umezibwa kwa supaglu, umenyunyiziwa unga wa kizibo, umepigwa msasa kwa mwelekeo mmoja, taratibu, kama ninavyofanya mimi. Kasoro yake moja. Mwenye kuifanya hakusubiri.

Nikiwa bado nashangaa, Mama Kucha akamgeukia mke wangu.

"Na wewe shoga yangu, tangu nimeingia huo mkono uko ndani ya mtandio. Lete niuone."

Mke wangu hakusogea.

"Lete."

Akautoa. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshikana. Chini ya kucha, unga wa kizibo.

Mama Kucha akaanza kumdondoshea dawa, naye mke wangu akaanza kusema, anaangalia vidole vyake.

"Niliitupa. Ulipotoka asubuhi niliitazama pale mezani, imefungwa kama mtoto mchanga. Nikaifungua, nikaipiga ukutani. Mpini ukapasuka. Nikasema afadhali."

"Halafu?" mzee akauliza.

"Halafu nikakaa chini nikailia. Nikaona saa, umebaki muda mfupi baba afike. Nikajikuta nimeshashika gundi."

"Kwa nini uitengeneze? Si ulitaka niione nyumba ilivyo?"

Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Kwa sababu ungeikuta imevunjika, ungemwona hana maana kabisa," akasema. "Mimi nikimwona hana maana ni sawa, ni wangu. Wewe nisingependa umwone hivyo."

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, chini sakafuni.

"Nani alikufundisha kuziba ufa?" nikamuuliza.

"Unafanya mbele yangu kila jioni. Unadhani nilikuwa natazama wapi?"

Mimi nilidhani hakuwa ananitazama. Wiki zote zile, yeye anaosha vyombo, mimi nasugua kizibo mezani, nilidhani nimekaa peke yangu.

Mzee akajipangusa mafuta kwenye suruali, akasimama.

"Mwanangu, sanduku tunalijaza au hatulijazi?"

"Sijamsamehe, baba."

"Sijauliza la kusamehe. Nimeuliza la sanduku."

Mke wangu akanitazama pale sakafuni. Akamtazama baba yake.

"Leo hapana."

"Leo hapana," mzee akarudia, kama anaandika. Kisha akanigeukia, na safari hii kidole kilikuwa huru. "Mota irudi kwenye maikrowevu leo hii. Fimbo zitoke chumbani. Na yale maneno uliyoniambia mlangoni kule chooni, mpelekee mwenyewe."

Akachukua sanduku lake kwa mkono mmoja, fimbo kwa mwingine. Mlangoni akasimama, akaitikisa.

"Nzito mbele," akasema. "Lakini kwa kushika, inashika."

Mama Kucha akaondoka naye, anacheka mpaka getini.

Tukabaki wawili. Sikutaka kuanza na umeme wala gundi. Nikamwambia, "Pole. Nilikuacha peke yako siku yako. Sina sababu, nilikosea tu."

Hakusema amenisamehe. Alikuwa anapuliza vidole vyake.

"Cheti chako kiko wapi?" nikauliza. Na hapo ndipo nilipoona aibu, kwa sababu wiki nzima ilikuwa imepita na sikuwahi kukiona.

"Droo ya chini."

Nikakileta. Nikaanza kukisoma kimoyomoyo.

"Kwa sauti," akasema.

Nikakisoma kwa sauti, nimesimama katikati ya sebule, majina yake yote matatu, daraja lake, tarehe, hadi cheo cha mtu aliyetia sahihi. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikasoma tena. Mara ya tatu sauti ilinikatika kwenye jina lake, naye hakudai ya nne, akasogea kwenye kochi akaniachia nafasi ya kukaa.

Alinisamehe baada ya wiki tano. Alinitajia siku yenyewe, ilikuwa Jumanne, huku anapasha chakula na sahani inazunguka.

Sasa hivi fimbo tunatengeneza wote, kwenye kibanda cha nyuma. Nyuzi anafunga yeye, tena ananizidi, na hapitishi siku bila kunikumbusha.

Nilichojifunza ni hiki. Kwanza, mkeo akiwa na mahafali, gundi iache iharibike. Pili, mtu wako akikuambia amekuchoka, muamini, maana kweli amechoka, na muombe radhi kabla hajaita sanduku. Lakini usikate tamaa kwa sababu ya mdomo wake tu. Tafuta kujua mikono yake inafanya nini ukiwa umetoka. Anayetaka kuondoka hakai chini kuziba ufa wa kitu chako.